Msokoto Ndani ya Mtutu: Watu Wasio na Majina Walioifundisha Risasi Kunyooka

Ni Mei 9, 1864, Spotsylvania, jimbo la Virginia, Marekani. Vita ya wenyewe kwa wenyewe iko mwaka wa nne. Jenerali mmoja wa jeshi la Kaskazini anawaona askari wake wakiinamisha vichwa kila risasi ya adui inapopita. Anawacheka. Anawaambia kwamba kwa umbali ule wale jamaa hawawezi kumpiga hata tembo.

Muda mfupi baadaye risasi inampata chini ya jicho la kushoto. Anadondoka, na habari yake inaishia hapo.

Jenerali huyo ana sanamu mpaka leo, na vitabu vinamtaja kwa jina na cheo. Aliyempiga je? Hajulikani. Walijitokeza zaidi ya mmoja kudai ni wao, lakini hakuna aliyethibitishwa. Askari mmoja wa Kusini, amelala kwenye majani mahali fulani, akavuta pumzi, akafyatua, akapotea kwenye historia.

Sasa kitu ambacho wengi hawakijui ni hiki: jenerali hakuwa mjinga. Kwa bunduki nyingi alizozizoea maishani mwake, alikuwa karibu na ukweli. Kilichomponza ni mfereji mdogo uliochongwa ndani ya bomba la chuma, na jinsi mfereji huo ulivyojisokota.

KWANZA TUELEWANE, MSOKOTO NI NINI?

Tulieni, siyo ule msokoto mwingine mnaoujua.

Ukichungulia ndani ya mtutu wa bunduki ya kisasa (iwe tupu, na fundi awe pembeni), utaona mifereji inayozunguka kama nyuzi za skrubu. Risasi inapopita inabanwa na mifereji hiyo, inalazimika kuzunguka, na inatoka nje ikiwa inajizungusha kwa kasi ya ajabu.

Kwa nini izunguke? Kumbuka pia uliyocheza utotoni. Ukiisimamisha bila kuizungusha, inaanguka papo hapo. Ukiizungusha vizuri, inasimama wima kwenye ncha yake mpaka inachoka. Risasi ndefu yenye ncha ina shida hiyo hiyo. Hewa inaisukuma kwa mbele, wakati uzito wake umekaa zaidi kwa nyuma. Isipozunguka, hewa inaigeuza ubavu, inaanza kupiga sarakasi, na hapo hata aliyefyatua hajui itatua wapi.

Kipimo cha msokoto kinasemwa hivi: mfereji unahitaji urefu gani wa mtutu ili ukamilishe mzunguko mmoja? Mzunguko mmoja kwa inchi 7 ni msokoto mkali. Mzunguko mmoja kwa inchi 78 ni msokoto mlegevu. Namba ikiwa ndogo, risasi inazunguka zaidi. Shika hapo, maana stori yote iliyobaki inategemea namba hiyo.

ENZI ZA GOBORE

Mitutu yenye mifereji ni ya zamani, ilianza kuonekana kwa mafundi wa nchi za Kijerumani karne ya 15 ikielekea mwisho. Lakini kwa zaidi ya miaka 300 majeshi mengi yaliendelea na mitutu laini, wakoloni wa gobore tunalolijua sisi. Sababu ilikuwa mwendo. Kwenye mtutu laini, goroli ya risasi ilikuwa ndogo kuliko tundu, unaidumbukiza tu kwa mdomo wa bunduki. Kwenye mtutu wa mifereji lazima ibane, kwa hiyo unaisukumiza kwa nguvu, wakati mwingine kwa nyundo, na adui anakuja mbio.

Tatizo la goroli iliyolegea ni kwamba inagonga huku na huku ndani ya bomba, na inatoka na mzunguko wowote ule iliojipatia kwenye mgongano wa mwisho. Mchezaji akipiga frikiki kwa kuukata mpira, si unaona unavyopinda hewani? Ndiyo hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba yule mchezaji amekusudia, goroli haijakusudia chochote.

Katika miaka ya 1740, Mwingereza mmoja mtaalamu wa hesabu alilionyesha hili kwa njia ambayo ingekuwa gumzo mtandaoni leo. Alichukua mtutu laini, akaupinda kidogo mwishoni kuelekea kushoto, akapanga karatasi nyembamba mbele yake, akafyatua. Goroli ilianza kwa kwenda kushoto kama ulivyotegemea, halafu ikakata na kurudi kulia! Ilikuwa imebingirika kwenye ukuta wa mtutu, ikapata mzunguko, na mzunguko ukaipindisha njia. Akahitimisha kwamba kama mzunguko ndio unaoipotosha risasi, basi mzunguko uliopangwa vizuri ndio utakaoinyoosha. Akaonya kwamba taifa litakalolielewa hili kwanza litawazidi wengine vitani.

Majeshi hayakuwa na haraka. Ilibidi ifike miaka ya 1840 mwishoni, pale Ufaransa ilipotoa risasi yenye ncha na shimo kitakoni. Inaingia kwa urahisi kama goroli, lakini baruti ikiwaka kitako kinatanuka na kuibana mifereji. Shida ya mwendo ikaisha. Mitutu ya mifereji sasa ikawa ya kila askari.

INCHI 78 DHIDI YA INCHI 20

Bunduki ya jeshi la Uingereza ya mwaka 1853, Enfield, ilikuwa na mtutu wa inchi 39 na msokoto wa mzunguko mmoja kwa inchi 78. Piga hesabu mwenyewe: risasi inatoka ikiwa imemaliza nusu mzunguko tu ndani ya mtutu. Kwa risasi fupi nene ya wakati ule ilitosha, kwa umbali wa kawaida.

Serikali ikamwita fundi mitambo mmoja maarufu wa Manchester, aliyejulikana kwa vipimo na skrubu wala si kwa bunduki. Jamaa hakukimbilia kuchonga mtutu. Alianza kwa kujaribu misokoto ya aina mbalimbali, moja baada ya nyingine. Alipomaliza alikuja na kitu tofauti kabisa: mtutu wenye tundu la pembe sita, mwembamba zaidi, risasi ndefu zaidi, na msokoto wa mzunguko mmoja kwa inchi 20. Karibu mara nne ya ukali wa Enfield.

Mwaka 1857 bunduki mbili zikawekwa ana kwa ana kwenye shule ya shabaha ya Hythe. Kwenye yadi 500, risasi za Enfield zilipotoka kwa wastani wa futi 2.24. Za Whitworth, maana bunduki ilibeba jina la fundi wake, zilipotoka futi 0.37. Futi mbili na robo ni kumkosa mtu. Futi 0.37 ni kama kiganja. Kwenye yadi 1,400 Enfield haikupata shabaha kabisa, wakati Whitworth ilikuwa bado inapiga.

Jeshi likasemaje? Likakataa. Ilikuwa ghali mno, na masizi ya baruti yalikuwa yanaziba tundu lake dogo haraka. Lakini mwaka 1860 Malkia wa Uingereza alipofungua mashindano ya shabaha ya Wimbledon, bunduki aliyowekewa, ikiwa imefungwa kwenye stendi na yeye akivuta kamba tu, ilikuwa Whitworth. Risasi ilitua karibu kabisa na katikati ya shabaha, yadi 400.

Chache zikavushwa bahari hadi kwa jeshi la Kusini mwa Marekani, wakapewa wadunguaji wao bora. Sasa unaelewa kwa nini wengi wanaamini yule jenerali wa Spotsylvania alipigwa na Whitworth. Alikuwa anapima hatari kwa namba ya zamani. Adui alikuwa ameshika namba mpya.

MWALIMU NA NAMBA 150

Mpaka hapo kila fundi alikuwa anakisia. Anachonga, anafyatua, anachonga tena. Mwaka 1879 mwalimu mmoja wa hesabu wa Kiingereza, Greenhill, akarahisisha mambo. Alikuwa anafikiria makombora ya mizinga, lakini kanuni yake ikawafaa watu wa bunduki zaidi ya karne nzima.

Inaenda hivi. Chukua urefu wa risasi, ugawe kwa unene wake. Halafu chukua 150, uigawe kwa jibu hilo. Halafu zidisha na unene. Hapo umepata urefu wa mtutu unaotosha mzunguko mmoja.

Tufanye mfano wa namba nyepesi. Risasi nene ya milimita 11 yenye urefu wa milimita 27.5 ina urefu mara mbili na nusu ya unene wake. 150 gawanya kwa 2.5 ni 60. Zidisha kwa 11, unapata milimita 660. Sasa chukua risasi nyembamba ya milimita 8 yenye urefu wa milimita 32. Ni mara nne ya unene. 150 gawanya kwa 4 ni 37.5, zidisha kwa 8, unapata milimita 300.

Umeona kilichotokea? Risasi ikirefuka na kukonda, msokoto lazima ukazwe. Hakuna ujanja. Na uzito wenyewe siyo bosi hapa kama wengi wanavyodhani, urefu ndio bosi.

TANGA, NOVEMBA 1914

Badiliko hilo la kutoka risasi nene kwenda risasi nyembamba halikubaki Ulaya. Lilifika mpaka mikononi mwa vijana wa hapa kwetu.

Mwaka 1886 Ufaransa ilitoa bunduki ya jeshi yenye baruti isiyotoa moshi mwingi. Baruti hiyo ilisukuma kwa nguvu zaidi, kwa hiyo risasi zikakonda, zikarefuka, zikaongeza kasi. Wajerumani wakahama kutoka Mauser ya mwaka 1871, yenye risasi ya milimita 11 na msokoto wa milimita 550, wakafika kwenye Mauser ya mwaka 1898, yenye risasi ya karibu milimita 8 na msokoto wa milimita 240. Linganisha na hesabu ya mwalimu hapo juu: wote walikaza zaidi kidogo ya alichosema, kujiachia akiba.

Lakini Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Afrika Mashariki, makampuni mengi ya askari Waafrika waliopigania Wajerumani yalikuwa bado yameshika ile ya 1871. Bunduki ya baba zao, baruti ya moshi. Kila askari alipofyatua, wingu jeupe lilisimama juu yake kumwonyesha adui pa kulenga. Mkubwa wao alijua, kiwanda kilijua, na aliyelala chini ya wingu lile ndiye aliyelipa.

Novemba 1914 Waingereza walishuka Tanga na jeshi kubwa kuliko lililowasubiri, wakashindwa, wakarudi melini. Wakaacha ufukweni mamia ya bunduki za kisasa, bunduki za rasharasha na risasi tele. Ndipo baadhi ya askari wale wakapata mtutu wa karne yao. Jina la kamanda Mjerumani linajulikana dunia nzima. Majina ya wale waliobeba Mauser ya moshi hadi mstari wa mbele, mengi hayapo popote.

M16 NA BARIDI YA ALASKA

Ruka sasa miaka 40 na kitu mbele, urudi Marekani. Miaka ya 1950 ikielekea mwisho, wabunifu wanatengeneza bunduki nyepesi itakayokuja kuitwa M16. Risasi yake ndogo imetokana na familia ya risasi za kuwindia wanyama wadogo, na wanachukua na msokoto uliozoeleka kwenye familia hiyo: mzunguko mmoja kwa inchi 14.

Kwenye joto la kawaida mambo yalikwenda sawa. Kisha bunduki ikapelekwa kwenye majaribio ya baridi. Huko Alaska matokeo ya shabaha yakawa mabaya, na ugomvi ukazuka: wengine wakasema bunduki ndiyo mbovu, upande wa wabunifu ukasema majaribio yenyewe yaliharibiwa. Lakini vipimo vilivyofuata kwenye baridi kali vikaonyesha kwamba inchi 14 haina akiba ya kutosha.

Kwa nini baridi? Hewa ya baridi ni nzito. Kwenye nyuzi 54 chini ya sifuri, hewa ina uzito zaidi kwa karibu theluthi moja kuliko kwenye nyuzi 15. Hewa nzito inaisukuma risasi kwa nguvu zaidi, na risasi iliyokuwa imesimama kwa shida inaanza kuyumba, kama pia inayokaribia kuchoka.

Mwaka 1963 uamuzi ukatoka juu: mzunguko mmoja kwa inchi 12. Inchi mbili tu! Lakini utulivu wa risasi unapanda kwa mraba wa msokoto, kwa hiyo inchi hizo mbili ziliongeza utulivu kwa karibu asilimia 36. Ndiyo kiasi kile kile ambacho baridi ilikuwa inakula. Kwa kasi yake ya kama mita 990 kwa sekunde, risasi ya M16 sasa ilikuwa inazunguka karibu mara 195,000 kwa dakika. Injini ya bodaboda ukiiungurumisha mpaka jirani walalamike haifiki hata elfu 20.

(Kuhusu M16 kukwama Vietnam na kuua wenyewe: hiyo ni kesi nyingine, ya baruti iliyobadilishwa, matunzo na chemba isiyopakwa kromu. Msokoto haukuhusika, tusiusingizie.)

RISASI MPYA, MTUTU WA ZAMANI

Mwaka 1980 nchi za NATO zikakubaliana risasi mpya ya ukubwa ule ule, lakini ndefu zaidi, yenye kipande cha chuma ndani. Pamoja nayo ikaja risasi ya kuwaka njiani kuonyesha inakokwenda, na hiyo ilikuwa ndefu kupita zote. Ili kuituliza, M16 mpya ya miaka ya 1980, M16A2, ikachongwa msokoto wa mzunguko mmoja kwa inchi 7.

Sasa angalia mtego. Risasi mpya inaingia kwenye bunduki ya zamani bila shida yoyote. Ganda ni lile lile, magazini ni ile ile, inalia vile vile. Ila mtutu wa inchi 12 hauwezi kuizungusha inavyotakiwa. Inatoka ikiyumba, inageuka ubavu, na kwenye karatasi ya shabaha badala ya tundu la duara unaona mpasuko mrefu kama tundu la funguo. Ndiyo maana jeshi la Marekani liliwaandikia askari wake kwamba risasi mpya kwenye M16 ya zamani ni ya dharura tu, na kwa umbali usiozidi kama mita 90.

Fikiria askari wa akiba aliyepewa bunduki ya zamani na sanduku jipya. Akikosa shabaha ataambiwa mikono inatetemeka. Kumbe tatizo lilitokea ofisini, siku watu walipobadilisha risasi bila kubadilisha bomba.

NA ILE STORI YA RISASI INAYOPIGA SARAKASI?

Mtaani na kwenye magemu kuna hadithi kwamba M16 ilitengenezwa makusudi ili risasi yake ibingirike hewani na kuumiza zaidi. Siyo kweli. Risasi inayobingirika hewani haifiki inakotumwa, hakuna jeshi linalonunua hiyo.

Ukweli ni kwamba risasi inaruka ncha mbele. Ikiingia kwenye mwili ndipo inapogeuka, kwa sababu mwili ni mzito mara mamia kuliko hewa, na hakuna mtutu duniani unaoweza kuizungusha risasi kiasi cha kuituliza humo. Risasi ya M16 kwa kasi kubwa ilikuwa pia inavunjika vipande, na hapo ndipo madhara makubwa yalipotoka. Madaktari waliopima majeraha walilieleza hili miaka mingi iliyopita, ila hadithi tamu ina mbio kuliko daktari.

Na kukaza zaidi siyo dawa ya kila kitu. Risasi yenye kasoro ndogo ya uzito, ikizungushwa mno, kasoro hiyo inakuzwa. Risasi yenye ganda jembamba inaweza hata kupasuka hewani. Msokoto mzuri ni ule unaolingana na risasi yake, basi.

Karne tano za bunduki zimejaa majina ya majenerali. Lakini waliobadilisha mchezo walikuwa mwalimu na gawanya zake, fundi wa skrubu, na watu waliosimama kwenye theluji ya Alaska wakihesabu matundu kwenye karatasi. Na waliolipa namba ilipokosewa walikuwa askari ambao hakuna aliyeandika majina yao, wa Virginia na wa Tanga.

Jenerali wa Spotsylvania alijua kila kitu kuhusu vita isipokuwa namba moja.

Haya, wewe ulikuwa unaamini ile ya risasi inayobingirika hewani? Kuwa mkweli, tiririka hapo chini. Na kama babu wa babu yako alikuwa askari wa vita ya 1914 na nyumbani bado mnalitaja jina lake, liandike. Angalau hapa lisomwe.